Mama, Cheti cha Mtoto Kiko Wapi?

Mwezi wa Agosti, miaka michache iliyopita, alikuja mama mmoja kupima presha katika zahanati ninayofanyia kazi. Nikapima mkono wa kushoto, nikapima na wa kulia, na yote miwili ikanipa jibu lile lile: 170 kwa 100. Nikamwuliza kama anakunywa dawa zake.

"Nakunywa, sista," akajibu. "Lakini wiki nzima sijalala. Mtoto amefaulu."

Ni jibu la ajabu kwa mtu asiyejua mambo yalivyo, lakini mimi nilimwelewa mara moja. Kijana wake alikuwa amemaliza kidato cha sita na matokeo yake yalikuwa mazuri. Jirani wote walikuja kumpongeza. Walipoondoka, mama akabaki na swali la chuo, na zilikuwa zimebaki siku tisa tu dirisha la kuomba mkopo lifungwe. Mume wake alifariki kijijini miaka saba kabla. Alizikwa siku ya pili yake, na hakuna aliyekumbuka kwenda kuandikisha kifo. Sasa Bodi ya Mikopo ilikuwa inataka cheti cha kifo, na yeye alikuwa na kaburi tu.

Tangu siku ile nimekuwa nikikaa na akina mama ukumbini kanisani, Jumamosi mbili kila mwezi kuanzia Machi, tukipitia karatasi hizi moja baada ya nyingine. Mimi si mwanasheria wala mtu wa Bodi. Ni muuguzi mwenye stashahada tu. Lakini kazi ya uuguzi inamfundisha mtu kusoma fomu na kutoamini kumbukumbu ya kichwa, na nimeona kwamba hilo ndilo linalohitajika zaidi hapa.

FEDHA HIZI NI NINI

Wazee wetu wanakumbuka wakati mwanafunzi aliyechaguliwa chuo kikuu alisomeshwa na serikali, akapewa na nauli ya treni. Miaka ya 1990 ukaja utaratibu wa wazazi kuchangia gharama, na fedha zilizotolewa tangu mwaka wa masomo 1994/95 zikahesabiwa kuwa mkopo wa kurudishwa. Mwaka 2004 ikatungwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Hiyo ndiyo Bodi tunayoizungumzia.

Mama wengi hudhani mkopo ni kitu kimoja: umepata au umekosa. Sivyo. Umegawanyika katika mafungu. Kuna ada, ambayo hupelekwa chuoni moja kwa moja. Kuna fedha za chakula na malazi, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Kuna za vitabu na viandikio, za mahitaji maalumu ya kitivo, za mafunzo kwa vitendo na za utafiti. Mtoto mmoja anaweza kupewa ada yote na mwenzake akapewa nusu. Kwa hiyo ukisikia mtoto wa jirani "amepata mkopo," usikimbilie kufikiri kwamba mzazi wake ameshatua mzigo. Huenda bado anatafuta laki sita za ada kila mwaka na anaona aibu kusema.

Bodi hugawa kwa kuangalia uwezo wa familia. Haiji nyumbani kwako kuona sufuria zako. Inasoma karatasi. Inaangalia kama mwombaji ni yatima, kama yeye au mzazi wake ana ulemavu, kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF, alisoma shule gani na nani aliyelipa ada ya shule hiyo. Lile ambalo karatasi haikusema, Bodi haiwezi kulijua. Wewe unaweza kuwa mjane unayeuza maandazi, lakini kama fomu imeandika kwamba baba yupo hai na haikueleza zaidi, basi kwa Bodi baba yupo.

Jambo hilo lilimpata yule kijana. Siku tisa hazikutosha kupata cheti cha kifo, akaenda kwenye duka moja la intaneti mjini, na kijana wa dukani, kwa haraka ya wateja waliokuwa wamepanga foleni, akamjazia "baba: hai" ili fomu ikubali kuendelea. Hakumwuliza hata mama. Awamu ya kwanza ya majina ilipotoka, hakuwemo. Ya pili, hakuwemo.

KARATASI ZENYEWE

Kwanza kabisa, cheti cha kuzaliwa. Hakitoshi kuwa nacho. Ni lazima kihakikiwe na RITA, na kwa waliozaliwa Zanzibar na mamlaka ya usajili ya huko, ndipo mtoto apate namba ya uhakiki ya kuingiza kwenye maombi. Siku hizi uhakiki wa RITA huombwa kwa njia ya mtandao. Usingoje matokeo ya kidato cha sita. Mwezi Julai nchi nzima inaomba uhakiki kwa wakati mmoja, na hapo ndipo watu wanapoanza kulia.

Mimi mwenyewe nililia. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa kidato cha sita, cheti chake kilikuwa sandukuni chini ya vitenge, nami nilijua kipo, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilipokitoa mwezi Juni nikakuta jina la ubatizo limeandikwa kwa herufi moja tofauti na lile lililo kwenye cheti cha kidato cha nne. Herufi moja! Na kosa lilikuwa langu, maana ni mimi niliyejaza fomu ya shule ya msingi, nikaandika jina kama tunavyolitamka nyumbani. Ilinigharimu safari tatu, mwanasheria wa kuandika kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na siku mbili za likizo. Tuliwahi, lakini kwa jasho.

Kwa hiyo nakuomba, mama mwenzangu, usomapo ukurasa huu, kama una mtoto wa kidato cha kwanza au hata darasa la saba, inuka ukatafute cheti chake. Linganisha jina, herufi kwa herufi, na jina lililoandikwa shuleni. Kabla ya kusajiliwa kwa mtihani wa kidato cha nne bado mwalimu anaweza kusahihisha. Baada ya hapo jina limekwenda, na namba ile ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo itakayomtambulisha mtoto kwenye maombi ya chuo na ya mkopo pia. Namba hiyo iwe moja kote. Kama alirudia mtihani na ana namba mbili, atumie ile ile chuoni na kwenye mkopo, la sivyo majina hayatakutana.

Sasa cheti cha kifo. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu ndiyo karatasi inayokosekana kuliko zote, na kwa kuwa sisi wauguzi tunahusika nayo. Mtu akifia hospitali, ndugu hupewa taarifa ya kifo na kibali cha mazishi. Watu wengi huchukua kibali, wakazika, na kuiona ile taarifa kama risiti ya kutupa. Sio risiti. Ndiyo inayopelekwa kwa msajili wa wilaya ili cheti kitolewe. Akifia nyumbani, kifo hutolewa taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, na karatasi yao ndiyo itakayoanzia safari hiyo. Sheria inataka kifo kiandikishwe ndani ya siku 30, lakini kilichochelewa nacho huandikishwa. Ni maelezo mengi zaidi na muda mrefu zaidi tu. Ofisi yenyewe kwa kawaida iko kwa Mkuu wa Wilaya.

Najua ni vigumu kumwambia mtu aliyefiwa juzi akatafute cheti. Katika matanga tunapanga nani apike na nani alete turubai. Kwenye kikundi chetu tumeanza kuongeza kazi moja: mama mmoja hutajwa wa kufuatilia karatasi pamoja na mjane baada ya arobaini. Hakuna aliyekasirika hadi leo.

Karatasi nyingine hutegemea hali ya familia. Kaya ya TASAF iwe na namba yake ya mnufaika. Mwenye ulemavu anahitaji fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au wa mkoa. Mwahi mapema, kwa maana yeye ni mtu mmoja na wilaya ni kubwa. Na kuna moja ambayo familia za kanisani husahau kuliko wengine wote, nayo ni barua ya mfadhili. Watoto wengi kwetu wamesoma sekondari za binafsi za bweni kwa kusaidiwa na usharika, na shirika fulani, au na wageni wa ng'ambo kupitia dayosisi. Mtoto wa namna hiyo akiandika jina la shule bila kueleza nani alilipa, ataonekana mtoto wa tajiri. Binti mmoja, baba yake ni mlinzi wa usiku, aliulizwa na wenzake chuoni mwaka mzima mbona hakupata kitu. Shule yake ilikuwa ya ada kubwa. Aliyekuwa akilipa ni mfadhili, na barua haikuombwa kwa sababu hakuna aliyejua kwamba inatakiwa. Mchungaji angeiandika kwa dakika kumi.

SAINI ZA NYUMBANI

Fomu ikishajazwa kwenye mtandao huchapwa, ikatiwa saini ya mwombaji, ya mdhamini, na ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji pamoja na mhuri, kisha hupelekwa kwa kamishna wa viapo, yaani wakili au hakimu. Baada ya hapo kurasa zenye saini hurudishwa kwenye mtandao. Mdhamini huweka picha na kitambulisho, na mara nyingi ni mzazi mwenyewe.

Na hapa ndipo penye ugumu usioandikwa kwenye mwongozo wowote. Baba wengine hawataki kutia saini. Mmoja aliniambia uso kwa uso, "Mimi sijawahi kukopa hata bia, sista, leo nidhamini deni la serikali?" Sikumcheka. Deni ni jambo la heshima kuliogopa. Nilichofanya ni kumwomba akae na mkewe na binti yake mezani, wahesabu pamoja: ada ya miaka mitatu ni kiasi gani, shamba linatoa nini, ng'ombe wangapi watauzwa. Walipofika ng'ombe wa nne akaomba kalamu.

Ninachowasihi akina mama ni kutolifanya jambo hili kwa siri. Nimeona mama akimtafuta kaka yake adhamini ili mume asijue, na barua za mkopo zikaleta ugomvi mkubwa kuliko ada yenyewe. Afadhali maneno makali kabla ya saini. Wala usiache kila kitu mikononi mwa mtoto kwa kuwa yeye ndiye anayejua simu. Anajua kubonyeza, lakini hajui kaka yake mkubwa alisomeshwa na nani, wala baba alistaafu mwaka gani.

Kuhusu duka la intaneti: nenda naye. Kaa kwenye kiti pembeni yake. Kabla fomu haijatumwa, omba ichapwe, uisome kwa miwani yako. Nenosiri na namba ya simu ziwe za mtoto, zisiwe za mwenye duka, kwani taarifa zote zijazo zitapitia humo. Ada ya maombi katika mwongozo wa 2023/2024 ilikuwa Sh 30,000 na hairudishwi. Hulipwa kwa namba maalumu ya malipo inayotolewa na mfumo wenyewe, si kwa mkono wa mtu anayesema ana jamaa Bodi. Yuko mtu kama huyo kila mji. Hana jamaa.

Mwongozo hutolewa kila mwaka, kwa Kiswahili na Kiingereza, bila malipo. Tarehe za kufungua na kufunga hubadilika, kwa hiyo usitegemee za mwaka wa mtoto wa jirani. Yapo na masharti ambayo huwashitua watu: mwombaji asizidi miaka 35, na asiwe amemaliza kidato cha sita au stashahada zamani mno.

KABLA BUMU HALIJAFIKA

Tuseme amepata. Mama anashusha pumzi, na hapo ndipo anapokamatwa. Bumu hulipwa kwa vipindi, na la kwanza halimsubiri mtoto kwenye geti la chuo. Anaweza kukaa majuma kadhaa kabla ya kulipata. Wakati huo anatakiwa kuwa na nauli, godoro, ndoo, malipo ya kujiandikisha, na chakula cha kila siku. Nimewahi kupokea zahanati binti aliyerudi nyumbani kutoka chuo na vidonda vya tumbo, amekaa wiki tatu kwa mlo mmoja, hakutaka kumwambia mama yake kwa kuwa "mama alishasema mkopo umetoka."

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kiliamua kuwa na mfuko mdogo wa mwezi wa Oktoba. Kila mama mwenye mtoto wa kidato cha tano huanza kuweka elfu tano kwa wiki. Kwa majuma 70 hivi ni kama laki tatu na nusu, na inatosha kumfikisha mtoto hadi bumu la kwanza.

Kisha mfundishe kuligawa. Mwongozo wa 2023/2024 uliweka chakula na malazi hadi Sh 10,000 kwa siku. Kwa kipindi cha siku 60 ni laki sita kwa mkupuo. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anaona amekuwa tajiri. Mwanangu alinunua spika. Alikula ugali na maharage kwa siku arobaini, na leo hataki kusikia nikisimulia.

Mwambie pia, kabla hajaondoka, kwamba fedha hizo zitarudi. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Kwa mshahara wa laki saba ni Sh 105,000. Kama alikopa milioni nane, atalipa miaka sita na miezi kadhaa. Zamani deni liliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa kile kilichoitwa kulinda thamani ya fedha, na wengi waliona deni likipanda huku wakilipa. Tozo hiyo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi mwaka 2021. Kwa hiyo kama ndugu yako aliyemaliza zamani anakutisha kwa hadithi ya deni lisiloisha, anasema kweli ya wakati wake.

Jina lisipotoka katika awamu zote, kuna dirisha la rufaa. Hilo nalo lina tarehe zake na halikai wazi muda mrefu. Rufaa ni kupeleka ushahidi ambao haukuwepo au kusahihisha kilichokosewa. Barua ya kulalamika kwamba maisha ni magumu haisaidii. Maisha ni magumu kwa kila aliyeomba.

Yule mama wa presha alikwenda kijijini, akakaa siku kumi. Mwenyekiti wa kijiji, na shemeji yake mkubwa, waliandika maelezo; msajili wa wilaya akampa cheti. Kijana akakata rufaa. Hakupewa vyote: alipata chakula na malazi na sehemu ya ada. Iliyobaki mama aliuza mashine yake ya kushonea, kitu ambacho kisingehitajika kama fomu ya kwanza ingekuwa ya kweli. Hilo bado linaniuma, na sijui kama kijana wa duka anakumbuka.

Mwaka huu alirudi. Presha ilikuwa 134 kwa 82, na dawa anakunywa. Alikuwa na bahasha ya kaki mkononi yenye vyeti vya binti yake mdogo, aliye kidato cha tatu, vyote vimeshahakikiwa. Alitaka kuniuliza juu ya stashahada, kwa maana binti anapenda kazi za hospitali na huenda asiende kidato cha tano. Nikamwambia kwamba tangu 2023/2024 Bodi hutoa mkopo pia kwa stashahada za fani za kipaumbele, afya ikiwa mojawapo, ila si kila kozi ya afya imo. Orodha ya kozi imeandikwa ndani ya mwongozo. Tuliifungua kwenye simu yangu, tukaanza kuisoma pale pale kwenye benchi, na wagonjwa wawili wakasogea wasikie.